Karatasi Nyingi, Kadi Haionekani

Nesi wenu wa Kibakwe nimerudi. Wiki hii siongelei uji wa lishe wala homa za watoto. Naongelea makaratasi ya ndani ya nyumba. Nimegawa sehemu saba, soma moja moja wakati maharage yanachemka.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili ukitaka kubishana ujue unabishana na nini. Nyumba zetu hazina karatasi nyingi kuliko nyumba za watu wengine. Shida yetu ni kwamba karatasi ya maana na karatasi ya kuwashia jiko zinalala kwenye mfuko mmoja. Siku ya kutafuta, tunapekua lundo zima. Siku ya usafi, tunachoma lundo zima. Kwa hiyo nasema hivi: tupa zile tisa ili ile moja ionekane. Na ile moja, mara nyingi, ina uhai wa mtu ndani yake.

SEHEMU YA 1: MFUKO NYUMA YA MLANGO

Hebu inuka, leta ule mfuko unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kama kwako ni begi chini ya kitanda, lete begi. Mwaga kila kitu kwenye mkeka.

Tuone. Kadi ya mchango wa harusi ya mwaka juzi (na hukuchanga, usinidanganye). Kadi ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Ratiba ya mazishi. Kalenda iliyokwisha, umeiweka kwa sababu picha ni nzuri. Risiti ya mbolea, wino umeshafutika wote, imebaki karatasi nyeupe. Boksi la simu ambayo iliibiwa. Daftari la Hisabati la darasa la pili na mtoto sasa yuko la tano. Karatasi ya kipimo cha malaria cha mtu ambaye hata hukumbuki ni nani kati yenu. Vocha zilizokwanguliwa, jamani, vocha!

Halafu katikati, imekunjwa mara nne, ina doa la mafuta: kadi ya kliniki ya mtoto.

Sikucheki. Najua mfuko huo umejaaje. Kila karatasi ilipoingia, mtu alisema "weka hapo kwanza, nitaangalia baadaye." Hiyo "baadaye" ndiyo inayojaza mfuko. Na hali ya huku kwetu haisubiri baadaye. Tuna kiangazi kirefu, mchwa wanapanda ukutani usiku na mchana. Halafu masika ya mara moja kwa mwaka, kuanzia karibu na Krismasi hadi mwezi wa nne, na aliyekulia kwenye tembe anajua paa la udongo likichoka linavyodondosha maji ya tope juu ya vitu. Nyumba ya bati nayo ina panya. Panya anayetafuta cha kutandikia watoto wake hajui tofauti ya kadi ya harusi na cheti cha kuzaliwa.

SEHEMU YA 2: KADI YA MTOTO INABEBA NINI

Akina mama wengi wanaiona kadi ya kliniki kama tiketi ya basi. Unaonyesha mlangoni, unaingia, safari ikiisha imekwisha kazi. Hapana. Ile kadi ni kumbukumbu ya mwili wa mtoto ambaye hawezi kujieleza.

Angalia inachoandikwa. Akizaliwa, chanjo ya kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zile chanjo za kukinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini, nimonia na uti wa mgongo, pamoja na matone ya polio. Ya kuharisha inaanza nayo wiki ya 6. Miezi 9, surua na rubella. Miezi 18, surua na rubella mara ya pili. Kuanzia miezi 6, matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita hadi afikishe miaka mitano. Na ule mchoro wa uzito, ambao mimi ndio ninaoutazama kwanza mama akinipa kadi.

Kwa nini mchoro? Kwa sababu uzito wa siku moja hauniambii kitu. Mtoto wa kilo nane anaweza kuwa anapanda vizuri, anaweza pia kuwa ameshuka kutoka tisa. Mtoto ni yule yule, kilo ni zile zile, lakini mmoja nampongeza mama yake na mwingine nakaa naye chini tuongee. Bila kadi, nina nukta moja tu. Nukta moja haichori mstari.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mahali kadi zinapopotelea. Ninavyoona mimi, hazipotei mtoto akiwa mchanga. Mama wa mtoto wa miezi mitatu kadi anaijua ilipo hata gizani. Zinapotea baada ya ile sindano ya miezi 9. Mama anajisemea "tumemaliza," kadi inastaafishwa, inaingia kwenye mfuko wa nyuma ya mlango. Miezi tisa baadaye ile surua ya pili inadaiwa, hakuna anayekumbuka, na anayekumbuka haioni kadi.

Mama akija bila kadi tunaangalia rejista. Kama mtoto alichanjwa hapa hapa tunaweza kumpata. Lakini kama wiki ya 10 ilimkuta kwa bibi yake Kongwa, na wiki ya 14 mlikuwa kwenye mashamba ya mbali, mimi nitamtafuta kwenye kitabu gani? Chanjo isiyo na maandishi inabidi tuihesabu kama haikutolewa. Nyingi zitarudiwa. Kwa kawaida kurudia hakumdhuru mtoto, msiogope, lakini ni sindano ambayo angeweza kuepuka, na safari ambayo ungeweza kuepuka.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote: ukipoteza kadi, NJOO HIVYO HIVYO. Usikae nyumbani na mtoto kwa aibu ya kadi. Kadi nyingine itaandikwa. Surua haiulizi kadi.

SEHEMU YA 3: NA YAKO WEWE MAMA

Watoto wana bahati, kadi zao angalau zinatafutwa. Ya mama ikishatoka wodi ya wazazi inakuwa karatasi ya kufungia chumvi.

Nipe mambo matatu tu kisha uniambie kama bado ni ya kufungia chumvi.

Kwanza, pepopunda. Ile chanjo unayochomwa ukiwa na mimba inahesabiwa. Dozi tano zilizopangika vizuri, kwa nafasi zinazotakiwa, zinakukinga kwa miaka yako yote ya kuzaa, na zinamkinga mtoto mchanga siku zake za kwanza, wakati kitovu bado kibichi. Kuna mama amebeba mimba nne na bado kila mara anaanza moja. Si kwamba hakuchomwa. Hakuna karatasi inayosema alichomwa lini.

Pili, upasuaji. Kama ulijifungua kwa kisu, ulipotoka ulipewa karatasi ya ruhusa. Nyie mnaiona haina maana kwa sababu kovu lipo, kila mtu analiona. Mama yangu, kovu la nje halisemi kovu la ndani. Ngozi inaweza kuwa imechanwa kwa mlalo na mfuko wa uzazi umechanwa kwa wima juu. Aina hiyo ya kovu la ndani ni hatari kubwa kwenye uchungu, na mama wa namna hiyo hatakiwi kabisa kusubiri uchungu kwenye mimba inayofuata. Nani anajua walichana vipi? Aliyekufanyia, na ile karatasi. Aliyekufanyia yuko mbali na huenda amehamishwa. Karatasi ilikuwa kwako.

Tatu, damu. Kundi lako la damu limeandikwa kwenye kadi ya wajawazito. Kabla ya kuongezewa damu utapimwa upya, hilo lazima. Lakini ukiwa na lile kundi la "negative", tunahitaji kulijua mapema, kwa sababu kuna sindano ambayo mama wa namna hiyo akijifungua mtoto wa "positive" anapaswa kuipata ndani ya saa 72, ili mimba inayofuata isipate shida. Na siyo kila kituo kina sindano hiyo kwenye friji. Inatafutwa. Kuitafuta kunataka muda, na muda unapatikana kama mtu amesoma kadi wiki kadhaa kabla.

Huku kwetu rufaa inaanza Kibakwe, inashuka Mpwapwa, ikizidi inakwenda Dodoma mjini. Kila mlango utakaopita utamkuta mtu asiyekujua. Ukifika umechoka, unapumua kwa shida, huwezi kueleza, kadi ndiyo inayokusemea.

SEHEMU YA 4: KARATASI MOJA INAZAA NYINGINE

Hapa naongea na wewe ambaye unasema "mwanangu ameshakua, mambo ya kliniki yamepita."

Mtoto akizaliwa kituoni unapewa tangazo la kizazi. Karatasi ndogo, wengi hawajui hata jina lake. Hilo ndilo linalofungua njia ya cheti cha kuzaliwa cha RITA. Ule mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulioanzia Mbeya mwaka 2013 umerahisisha sana: kwenye mikoa ulikofika, mtoto anasajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, na cheti cha kwanza ni bure. Lakini ukikaa hadi awe mkubwa, usajili unakuwa wa kuchelewa, na huko unaulizwa ushahidi. Moja ya ushahidi unaokubalika ni nini? Kadi ya kliniki! Ile uliyofungia chumvi.

Twende mbele. Shule inataka cheti cha kuzaliwa. NIDA wanakitaka. Mtoto akimaliza kidato cha sita na Mungu akasaidia akapata chuo, bodi ya mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, inataka na cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anaweza kukaa bila mkopo kwa sababu ya karatasi iliyoliwa na mchwa akiwa na miaka miwili.

Na majina, jamani. Kadi ya kliniki ina jina la babu, cheti kina jina la baba, shule wameandika jina la ubatizo na wamekosea herufi. Huyo mtu mmoja amekuwa watu watatu, na atakuja kulipia kiapo mahakamani au kwa wakili aeleze kwamba ni yeye yule. Ukipewa karatasi yoyote yenye jina la mtoto, isome PALE PALE kabla hujatoka mlangoni. Kama hujui kusoma, mwombe mtu akusomee kwa sauti, herufi kwa herufi. Siyo aibu. Aibu ni kulipa nauli mara tatu.

Halafu kuna karatasi za wakubwa. Cheti cha ndoa. Hati ya kimila ya shamba, ile inayotolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hizi naziweka kwenye posti ya nesi kwa makusudi. Mjane asiyeweza kuonyesha cheti cha ndoa wala hati ya shamba ana hatari ya kuondoka na watoto na ndoo. Na watoto walioondolewa shambani ndio ninaokuja kuwapima uzito mwaka unaofuata. Kwangu mimi hiyo ni afya.

SEHEMU YA 5: MAFUNGU MATATU

Basi turudi kwenye mkeka. Usipange kwa ukubwa wala kwa rangi. Panga kwa swali moja: hii karatasi ikipotea leo, nitapata wapi nyingine?

Fungu la kwanza: HAIPATIKANI, au inapatikana kwa taabu kubwa. Kadi za kliniki za watoto wote, hata aliyeko sekondari. Kadi zako za wajawazito na karatasi za ruhusa za hospitali. Matangazo ya kizazi. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa, ubatizo, kifo, shule. Vitambulisho na kadi ya bima. Hati ya shamba au mauziano ya kiwanja. Kadi ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ya binti, ile wanayochomwa wenye miaka 9 hadi 14. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu, kwa hiyo ni mstari mmoja, na ukipotea hakuna wa pili wa kuusaidia. Hizi ni za kutunza milele. Ukihesabu utakuta hazijazi hata faili moja.

Fungu la pili: INA MWISHO WAKE. Risiti ya kitu chenye waranti, hadi waranti iishe. Risiti ikianza kufifia, ipige picha. Stakabadhi za michango ya shule, hadi mwaka wa masomo uishe. Ripoti za shule. Daftari la mwaka huu. Cheti cha dawa unazotumia sasa hivi, na karatasi ya rufaa hadi uende na urudi. Deni la duka, hadi ulilipe (na ulilipe kweli). Hizi ziwe kwenye bahasha moja ya kaki, na kila mwezi wa kwanza unaimwaga na kupunguza.

Fungu la tatu: NYINGINE ZOTE. Usizionee huruma. Kadi ya mchango wa harusi si kumbukumbu ya ndoa yako. Kalenda ya zamani haitarudi. Mfuko wa dawa zilizokwisha, vocha, ratiba za mazishi, madaftari ya zamani. Ukitaka kukumbuka mwandiko wa kwanza wa mtoto, chana ukurasa mmoja mzuri, weka huo, mengine yaende.

Yaende wapi? Hapa nina ugomvi na baadhi yenu. Daftari safi la hesabu likienda kuwashia jiko, sawa. Lakini karatasi za hospitali mnazigawa kama hazina mwenyewe. Karanga za mnadani zinafungwa kwenye karatasi za nani? Mtu ananunua karanga za mia mbili anakunjua anasoma jina lako, umri wako, na kipimo chako. Kijiji hiki ni kidogo. Karatasi yoyote yenye jina na majibu ya kipimo ichome mwenyewe mpaka iwe majivu, usimpe mtoto akatupe. Na kwa upande wa tumbo, chakula kisifungwe kwenye karatasi iliyoshikwa na mikono isiyojulikana. Hilo nitaliongelea siku nyingine, leo nimeliacha.

SEHEMU YA 6: PAKUWEKA, PICHA, NA SIRI

Huhitaji kabati. Unahitaji vitu vitatu: faili la plastiki lenye kifungo, bahasha ya kaki, na ndoo kavu yenye mfuniko unaobana. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inatosha. Fungu la kwanza linaingia kwenye faili, faili linaingia kwenye ndoo. Ndoo isikae sakafuni na isiegemee ukuta, mchwa wanapandia huko huko. Isikae chini ya mahali panapovuja wala karibu na jiko. Mara moja kwa mwezi fungua, kung'uta, acha ipate hewa.

Kadi usiikunje mara nne. Pale kwenye mkunjo ndipo inapokatika, na mara nyingi mkunjo umepita juu ya tarehe. Na kadi ya kliniki usiipige laminesheni. Nimeona wazazi wanafanya hivyo kwa upendo kabisa, lakini ile kadi bado inaandikwa, nitaandika wapi? Mfuko wa plastiki laini unatosha, unaingiza na kutoa.

Wengine mtaniambia: "Nesi, siku hizi ni kompyuta, kadi za nini?" Kompyuta ni nzuri na mimi nazipenda. Lakini umeme unakatika, mtandao unapotea, na kituo cha huku si lazima kione kilichoandikwa kituo cha kule. Msimu wa kilimo familia zinahamia mashambani, wafugaji wanahama na mifugo. Kadi inahama na mtoto. Kompyuta inabaki ofisini.

Picha ya simu nayo ni msaada, si mbadala. Piga picha kurasa zote za kadi, mbele na nyuma, mahali penye mwanga, ziwe kwenye simu mbili: ya mama na ya baba. Kadi ikiungua, picha itanisaidia kuandika mpya. Ila tafadhali, cheti cha mtoto na namba ya NIDA havikai kwenye status wala kwenye grupu la ukoo. Matapeli wanasoma vizuri kuliko ndugu zako.

Sasa siri. Nimesema faili moja la familia, lakini si kila karatasi ni ya macho ya kila mtu. Kadi ya CTC, karatasi ya uzazi wa mpango, majibu ambayo hujamwambia mtu bado: hizo una haki ya kuzitunza peke yako. Weka kwenye bahasha yako, mahali pako, lakini usiichane kwa hofu. Mtu akichana kadi ya CTC kwa sababu wifi anapekua vitu, siku ya dawa inampita. Ukiona nyumbani hakuna mahali salama, tuambie kituoni, tutaongea namna ya kufanya. Tumeapa kutunza siri.

SEHEMU YA 7: BABA, NA WENZANGU WA KITUONI

Akina baba, mmesoma hadi hapa mkidhani ni mambo ya wanawake. Nina swali. Saa nane usiku, mkeo uchungu umemshika au amezimia, bodaboda iko nje inanguruma. Kadi iko wapi?

Usiseme "mama fulani ndiye anayejua." Mama fulani ndiye amelala hapo, hawezi kuongea.

Naliamini hili kwa dhati: nyumba ambayo mtu mmoja tu anajua karatasi zilipo ni sawa na nyumba isiyo na karatasi. Faili lijulikane na watu wazima angalau wawili. Kama baba yuko Dar au yuko machimboni, basi bibi ajue, au dada mkubwa. Mimba ikifika mwezi wa nane, kadi ya mama inatoka kwenye ndoo na kuingia kwenye begi la kujifungulia, pamoja na khanga na nguo za mtoto, na inakaa humo hadi siku yenyewe. Na mjifunze, akina baba, kumleta mtoto kliniki mara moja moja. Ukishika kadi mwenyewe hutaifungia chumvi.

Na nyie wauguzi wenzangu, siwaachi. Tunawaambia akina mama watunze karatasi, halafu sisi wenyewe tunaandika mwandiko wa kuku. Tarehe ya kurudi iandikwe isomeke, na mama asomewe kwa mdomo. Dawa inayomdhuru mtu iandikwe kwa herufi kubwa mbele ya kadi. Karatasi ya ruhusa iseme alichofanyiwa, isiishie kwenye "anaendelea vizuri." Na mama aliyepoteza kadi asigombezwe mbele ya foleni. Mama aliyegombezwa leo, mwezi ujao haji. Kadi iliyopotea inaandikwa nyingine. Mtoto aliyekosa surua ya pili kwa sababu mama yake aliona aibu, huyo tunamfuata wapi?

Kuna mtu atasema, "Nesi, mimi nina watoto wanne, maji nafuata mbali, sina muda wa mafaili." Nakuelewa, na ndiyo maana sikukuambia upange nyumba nzima. Nimekuambia ndoo moja. Kazi kubwa ni ya jioni moja, baada ya hapo ni sheria ndogo moja tu: ukitoka kliniki, kabla hujavua viatu, kadi irudi kwenye faili. Si mezani wala kwenye pochi hadi kesho.

Leo usiku mwaga mfuko. Kesho utakuwa na kitu cha kuwashia jiko wiki nzima, na faili jembamba ambalo hata gizani mkono wako unalifikia. Mwenye dada au jirani mwenye mimba ya miezi saba, mtumie hii. Anayo miezi miwili ya kutafuta ndoo.